Kidole cha Mheshimiwa

Kidole chake nilikijua kabla sijaujua uso wake. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kirefu, kimevimba kidogo kwenye kifundo, na kila picha aliyoiweka mtandaoni ilikuwa nacho. Hapa kinaonyesha shimo la barabara. Hapa kinaonyesha mbuzi aliyezaa mapacha. Hapa kinaonyesha theluji ya Rwenzori kule juu, kana kwamba bila yeye theluji ile ingepotea njia. Uso wake ulikuwa pembeni, mara nyingi umekatwa nusu, lakini kidole kilikuwa kizima daima.

Alikuwa diwani wa upande wa Nyakiyumbu, na kwetu diwani yeyote ni Mheshimiwa. Hata mkewe alimwita hivyo. Siku moja nilimsikia akimwambia kwa sauti ya kuchoka, "Mheshimiwa, umeacha mlango wazi, kuku wameingia." Basi nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa sasa hana tena haki ya jina hilo, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Mimi ni msomaji wa habari za Kiswahili katika redio ndogo ya mjini Kasese. Nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa sajenti, na kambini watu wa makabila yote walikutana kwenye Kiswahili cha amri, kwa hiyo hata kulala tuliamrishwa kulala. Ndiyo maana Mheshimiwa aliniita "afande wa habari", ingawa sijawahi kuvaa hata kofia ya jeshi.

Alikuwa na misemo yake. "Kiongozi bila kidole ni abiria." Huo aliupenda sana. Mwingine: "Kitu ambayo haina picha, haikutokea." Siku moja nilimuuliza kama hata yeye mwenyewe alizaliwa, maana picha ya siku hiyo haipo. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, kisha akasema, "Hiyo tuache."

Lazima nieleze jinsi redio yetu ilivyofanya kazi, la sivyo mtamlaumu peke yake. Hatukuwa na gari la kufuatia habari. Tulikuwa na pikipiki moja iliyokubali kuwaka ikiwa imeelekezwa kwenye mteremko tu. Basi kila asubuhi mhariri wetu, mtu mwema mwenye haraka, alifungua ukurasa wa Mheshimiwa kama watu wengine wanavyofungua dirisha kuangalia mvua. Alichokiposti Mheshimiwa alfajiri kilikuwa habari yetu ya kwanza saa moja. Madiwani wenzake walitusikiliza wakinywa chai, wakaenda kwenye kikao wakijadili kile tulichosema. Na Mheshimiwa, akiwa kwenye kikao, aliposti kile walichojadili. Nasi tukakisoma tena jioni.

Ndivyo ilivyokuwa habari ya mbwa. Asubuhi moja alimkuta mbwa amelala mlangoni pa ofisi ya halmashauri, akanyoosha kidole, akaandika, "Huyu mbwa ni ya nani?" Lilikuwa swali la kawaida la mtu anayetaka kupita. Tukalisoma. Wasikilizaji wakapiga simu, mmoja kutoka Bugoye akidai mbwa wa siku hizi wamekosa nidhamu kabisa. Mheshimiwa akaposti, "Nasikia kwa redio wananchi wanalia juu ya mbwa." Nasi tukatangaza kwamba Mheshimiwa amethibitisha kilio cha wananchi juu ya mbwa. Mwisho wa juma halmashauri ikaunda kamati ya mbwa, yenye mwenyekiti na katibu. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshahamia kwenye duka la nyama, mahali penye maana zaidi.

Nilicheka wakati ule, na nacheka sasa, lakini kicheko kile kilikuwa na mchanga ndani yake. Juma lile lile la mbwa, daraja la miguu la Nyakiyumbu lilikuwa linaoza, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Nimewajua wabaya, yeye hakuwa mmoja wao. Hakuweza kumpita mwanamke aliyebeba mzigo mzito bila kuteremka kwenye bodaboda na kumsaidia. Ni kweli kwamba baada ya hapo alimwomba huyo mwanamke ashike simu, lakini mzigo aliubeba kweli, mpaka mwisho wa njia, hata baada ya picha kupatikana. Alikula chakula kilichopoa maisha yake yote ya siasa. Bundu, ugali wetu wa muhogo, ilikuja mezani inafuka moshi, na samaki wa Katwe juu yake, na sisi wengine tulinawa tukaanza, huku yeye akizunguka meza akitafuta upande wenye mwanga. Alipokuwa tayari, mchuzi ulikuwa umeshaganda. Alikula bila kulalamika na kusema ni tamu sana.

Aliogopa maji. Diwani wa watu wanaoishi kando ya mto unaoshuka milimani, na hakuweza kuvuka hata mfereji bila kushikwa mkono. Hilo hakuliposti kamwe.

Kingine alichokiogopa ni Kongo, yaani si nchi yenyewe wala watu wake, bali mtandao wake. Anayeishi Bwera anajua: unatembea zako kuelekea mpakani, umo ndani ya Uganda kabisa, mara simu inalia kukukaribisha Kongo, na salio lote limekwisha kwa sababu ya makaribisho hayo. Mheshimiwa alichukia jambo hili kuliko wapinzani wake. "Simu yangu ikivuka, mimi nakuwa mgeni kwa eneo yangu," alilalamika. Kwa hiyo alikuwa na ramani kichwani. Alijua jiwe gani karibu na kanisa linashika mtandao wa nyumbani, mti gani unaukata, na kilima gani chenye mnara kinaujaza mpaka pomoni. Kule ambako mtandao haukufika, yeye pia hakufika.

Wananchi si wajinga, walijifunza upesi. Kama watu wanavyopeleka kahawa yao stoo, wao walipeleka shida zao kwenye mtandao. Mwalimu mmoja aliwabebesha wanafunzi dawati lililovunjika mpaka kilima cha mnara, wakaliweka hapo, wakamngoja Mheshimiwa apite. Alipita, akanyoosha kidole, na dawati likapata fundi. Mama mmoja alimpeleka kilimani ng'ombe mwenye kwato mbovu, safari iliyoziharibu zaidi. Siku za soko ungeona pale kilimani foleni ya vitu vilivyoharibika, kila kimoja na mwenyewe pembeni, vikisubiri kuonyeshwa.

Lakini daraja utalibebaje?

Swali hilo lililetwa ofisini kwetu na Mama Furaha. Alikuwa Mkongo wa Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye maisha marefu Nyakiyumbu na biashara ya mafuta ya mawese katika soko la Bwera. Siku hiyo alikuja amelowa mpaka kiunoni, na alinukia mawese, kwa sababu gogo la daraja lilikuwa limevunjika chini ya mguu wake, yeye akaenda upande huu na dumu upande ule.

"Pole yangu haina neno," alimwambia mhariri. "Lakini muke wa mutoto wangu eko kule ngambo, mimba yake iko mukubwa, atazala mwezi hii. Hospitali iko ngambo hii. Atapita wapi? Batu beko banapita mu maji na batoto ku mugongo!"

Mhariri alimsikiliza vizuri, hata akamletea chai na kiti cha plastiki. Kisha akafungua simu yake, akapekua juu, akapekua chini, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Pole sana, nyabo. Mheshimiwa hajaposti kitu juu ya daraja."

"Sasa muto ingoje mupaka aposti?"

"Si mto, nyabo. Sisi ndio tunangoja."

Nilimsindikiza nje nikiwa nimekasirika, na nikamweleza kisa cha mtandao, kwamba pale mtoni simu ya Mheshimiwa inakuwa ya Kongo, kwa hiyo hapakanyagi. Mama Furaha alikamua kitenge chake taratibu. Nilidhani atalia. Badala yake akasema, "Kama rezo, hii mutandao, haikuye ku daraja, basi daraja itaenda ku rezo."

Na kweli lilikwenda. Jumapili baada ya misa, yeye na akina mama wenzake waling'oa magogo yote yaliyokuwa yamebaki, ya mkaratusi, na kipande cha kushikilia mkono, wakayapandisha kilima cha mnara wakiimba. Waliyalaza juu ya mfereji mkavu, upande uliooza ukiwa juu, ili kila mwenye macho aone. Nilikuwepo, maana baba yangu alipostaafu alihamia Bwera na Jumapili mimi huwa kwake. Baba alitazama maandamano yale yakipita, akauliza, "Nani ametoa amri ya kuvunja daraja?" Akina mama waliendelea kuimba, na lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile.

Mheshimiwa alifika kwa bodaboda, amevaa koti. Aliinua simu, akautazama mtandao, akatabasamu. Halafu akayatazama magogo, na tabasamu likashuka.

"Hii iko mbaya. Geuza."

"Papa Mheshimiwa," alisema Mama Furaha, "ubaya yake njo tunataka batu baone."

"Mama, sikia. Mimi niko na uzoefu. Asubuhi mtu hataki kuona kitu imeoza, anataka kitu tamu. Tuanze na tamu. Halafu hapa chini mimi naandika shida yote, yote!"

Yakageuzwa. Upande wa chini ulikuwa bado mzima, unang'aa. Akawaomba akina mama wapige vigelegele, kwa sababu huzuni haionekani vizuri kwenye simu. Wakapiga. Mmoja akaweka maua ya porini kwenye kishikio. Mheshimiwa akanyoosha kidole, na picha ikapigwa, na lazima niseme ilikuwa picha nzuri: daraja zuri, mama wenye furaha, milima nyuma. Kisha akakaa juu ya jiwe aandike shida yote. Akaandika neno la kwanza, "DARAJA!", akalituma kwanza pamoja na picha ili kujaribu mtandao, na hapo hapo chaji ikaisha.

Jumatatu asubuhi mhariri aliingia studio akicheza. "Mheshimiwa amejenga daraja!"

"Hajajenga," nikasema. "Nilikuwepo. Ni magogo yaliyooza, yako juu ya mfereji, mlimani."

"Banange, picha haidanganyi. Angalia vigelegele hivyo."

Tulipokuwa tunabishana, mwenzetu anayesoma habari kwa Lhukonzo, lugha ya huku kwetu, alikuwa ameshaisoma habari ile, kwa sababu zamu yake hutangulia yangu. Wasikilizaji walikuwa wameshaanza kupiga simu kupongeza. Ilipofika zamu yangu nilisoma mambo ya hali ya hewa na kandanda, nikakaa kimya mahali pa daraja. Kimya changu hakuna aliyekisikia.

Mnavyojua, sifa hukimbia kuliko mtu. Jioni ile mwanasiasa mmoja wa Kampala, mwenye kura zake huku kwetu, ambaye tulimwita tu Mkubwa, aliichukua picha ile, akakata kidole cha Mheshimiwa, akaandika, "Daraja letu." Jumanne ofisi ya ujenzi ikaliondoa daraja la Nyakiyumbu kwenye mipango yake, kwa sababu limeshajengwa. Nao akina mama walipojaribu kuteremsha magogo yao ya zamani, yalivunjika vipande kwenye mteremko. Kwa hiyo Nyakiyumbu, ambayo Jumamosi ilikuwa na daraja bovu, sasa ilikuwa na daraja zuri sana mtandaoni na maji matupu mtoni. Mvua ilikuwa inanyesha milimani. Na mke wa mtoto wa Mama Furaha alikuwa bado ng'ambo.

Jumatano Mkubwa alitangaza kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe kukata utepe.

Siku hiyo Mheshimiwa aliingia ofisini kwetu na kidole kimekunjwa. Sikuwahi kukiona kimekunjwa. Alimwomba mhariri atangaze masahihisho.

"Masahihisho si habari," alisema mhariri. "Posti kwanza, halafu sisi tutasoma."

"Nikiposti daraja haiko, unajua watu watasema nini? Watasema ilikuwa iko, halafu mimi nimeikula!"

Hapo hata mhariri aliiweka simu yake mezani, kwa sababu kwetu hilo lingekuwa jambo la kuaminika kabisa. Mheshimiwa alizunguka chumba. Nilimwambia wazi, nikiwa na hasira, kwamba mwanamke mmoja anaweza kufa na mtoto wake kwa sababu yeye anapenda kitu kitamu asubuhi. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akakaa. Kisha akasema polepole, "Afande, wazee walisema nini? Lisemwalo lipo. Na kama haiko?"

"Laja," nikasema.

"Basi ikuje," akasema, akainuka.

Alienda moja kwa moja kwa Mama Furaha, akamwambia ukweli wote, na Mama Furaha hakupoteza muda kumsamehe. Aliita salongo, ile kazi ya pamoja ya kwao Kongo ambayo anayekaa nyumbani siku hiyo hujulikana na kusemwa mwaka mzima. Mwenye mikaratusi alikata mikaratusi. Mwenye misumari alileta misumari. Wakaja Wakonzo wa kijijini, Wakongo wa sokoni, na wanajeshi wawili watatu waliokuwa likizo, kwa sababu baba yangu alipita nyumba hadi nyumba akiwaamsha. Mzee yule alikuwa amechoka kustaafu. Alisimama ukingoni na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kambini nilimwona amefurahi.

"Wewe! Kamata ile mti! Wewe, mbili mbele, moja nyuma! Wewe mwenye koti, unafanya nini?"

Mwenye koti alikuwa Mheshimiwa. Alikuwa amesimama pakavu, na kwa mazoea tu alikuwa ananyoosha kidole kwenye magogo.

"Mimi naonyesha, afande."

"Kidole haibebi mti! Kidole moja haivunji chawa! Ingia kwa maji!"

Sijui kama kuna mtu mwingine yeyote angeweza kumwingiza majini. Alivua viatu, akavipanga vizuri juu ya jani la mgomba, akaingia huku amefumba macho na kumtaja Mungu kwa lugha zote alizozijua. Maji yalimfika kiunoni. Alishika gogo na hakuliachia mpaka lilipokaa mahali pake. Simu aliizima, kwa sababu haikuacha kumkaribisha Kongo. Kwa hiyo kazi ile nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya haina picha hata moja, na kwa msemo wake mwenyewe, haikutokea.

Ijumaa jioni, wakati wa kupigilia mbao za mwisho, nyundo ilikikosa kichwa cha msumari ikakipata kidole. Kile kile. Alitoa sauti iliyowarusha ndege wote wa ukingoni. Baba, aliyejifunza huduma ya kwanza jeshini, alikinyoosha na kukifunga kwa kijiti na kipande cha kitenge cha Mama Furaha. Matokeo yake ni kwamba Mheshimiwa hakuweza tena kuacha kuonyesha. Akijikuna sikio, anaonyesha mbingu. Akisalimiana nawe, anakuchoma tumbo. Akipewa chai, anamwonyesha aliyempa.

Jumamosi Mkubwa alifika na kamera, na vijana wa kumshangilia, na utepe mrefu. Daraja lilikuwa limesimama, bichi, linanukia utomvu. Alilitazama bila kushangaa hata kidogo, maana yeye aliamini picha. Alianza kuhutubia akiwa amesimama katikati kabisa ya mlango wa daraja. Alizungumza juu ya maendeleo. Kutoka maendeleo akaingia historia ya maendeleo.

Ndipo upande wa pili tukasikia kelele. Vijana wanne walikuwa wanakuja mbio na kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, na Mama Furaha nyuma yao. Mke wa mwanawe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Walipanda daraja, wakalivuka, na wakakutana na utepe, na nyuma ya utepe alikuwa Mkubwa, bado yuko kwenye historia.

"Ngoja kidogo," Mkubwa aliwaambia, akitafuta mkasi. "Tukate kwanza."

Kila mtu aliganda. Ni adabu yetu mbaya: mkubwa akisema ngoja, hata uchungu wa uzazi tunatazamia ungoje. Nilimtazama Mheshimiwa. Kiti chake kwenye uchaguzi kilikuwa mkononi mwa mtu huyo, na kila aliyekuwepo alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi. Alipita mbele ya kamera, akasimama uso kwa uso na Mkubwa, na kidole chake cha kijiti na kitenge kikawa karibu kabisa na pua ya yule mtu.

"Ondoka kwa njia," alisema. "Mama anapita."

Mkubwa akarudi nyuma, akakanyaga ukingo wenye utelezi, akakaa kwenye matope na mkasi wake. Kitanda kikapita na utepe wote, ukapepea nyuma yao mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Nililia. Baba yangu alisema ni vumbi, ingawa ilikuwa imenyesha.

Jioni ile mnadhani tulitangaza nini? Mtandaoni palikuwa na picha moja tu, kidole usoni pa Mkubwa. "Ugomvi wa waheshimiwa darajani." Watu walijadili wiki nzima kama Mheshimiwa amehama chama. Wengine walisema kidole kile kilifungwa makusudi kama fumbo la siasa. Kamati ya mbwa ilisimamisha shughuli zake ili kutoa tamko. Kuhusu mtoto, hakuna hata aliyeuliza jina. Uchaguzi uliofuata Mkubwa alimpitisha mtu mwingine, kijana mwenye simu mpya, na Mheshimiwa wetu alianguka vibaya. Usiku wa matokeo hakuposti kitu, wala kesho yake, na mhariri alifungua ukurasa wake kila asubuhi kwa muda mrefu, akiufunga taratibu.

Nilikutana naye tena mwaka jana, msimu wa kahawa. Nilikuwa nashuka kwa miguu kwenda kumwona baba, nikapita njia ya mtoni. Alikuwa amepiga magoti katikati ya daraja, suruali imekunjwa, misumari mdomoni. Chini yake maji yalikuwa yanapita kwa fujo, na hakuyatazama.

"Afande wa habari!" alisema kupitia misumari. "Shika hapa."

Nilishika ubao. Alipigilia. Kidole chake kilipona vibaya, kikapinda kwenye kifundo, kwa hiyo sasa akikuonyesha kitu inabidi utazame kushoto kidogo ya pale kinapoelekea. Aliniambia hupita hapo kila siku ya soko kabla watu hawajawa wengi, kwa sababu mkaratusi unaoza upesi na yule diwani mpya hajafika bado.

"Mtandao haushiki," alimtetea. "Si makosa yake."

Wakati huo sauti kali ilitoka ukingoni. "Mheshimiwa! Toka mu maji!"

Aliruka, akatazama miguu yake, akakuta iko pakavu. Mtoto mdogo kando ya mto, matope mpaka magotini, naye aligeuka. Mama Furaha alikuwa anashuka na dumu lake la mawese, akimfokea mjukuu. Ndilo jina walilompa, Mheshimiwa, limeandikwa mpaka kwenye cheti cha ubatizo, na padri alikubali baada ya kubishiwa sana. Mtoto akamwona rafiki yake darajani, akamnyooshea kidole, nacho alikuwa amekipinda kwenye kifundo, maana alidhani ndivyo watu wanavyoonyesha. Mzee akamjibu na chake.

Niliingiza mkono mfukoni kutoa simu. Alinizuia. "Acha. Nina nywele mbaya." Halafu, akiwa anakusanya misumari yake, akauliza kama jambo lisilo na uzito, "Hii inaweza kutoka kwa habari?"

"Itatoka," nikasema.

Kesho yake saa moja asubuhi nilisoma: "Habari za asubuhi. Daraja la miguu la Nyakiyumbu limekarabatiwa. Ubao mmoja uliokuwa umeoza umebadilishwa, na wananchi wanapita salama." Mhariri aliingia mbio, simu mkononi. "Nani ameposti hiyo? Siioni!" Nikamwambia hakuna aliyeposti, mimi ndiye niliyeushika ubao. Alienda kuisukuma pikipiki mpaka kwenye mteremko ili akaone mwenyewe.

Kabla hajarudi, simu ya studio ililia. Nilisikia upepo mwingi na mtu anayehema, na nikajua amepanda mpaka kilima cha mnara.

"Afande, asante. Umesoma vizuri. Lakini umesema ubao moja. Ulipoondoka nilipiga na ingine. Ziko mbili. Sahihisha, mtu asije akakanyaga ya zamani."

Saa saba mchana, kabla ya mambo ya Kampala na ya dunia, nilisoma masahihisho: zilikuwa mbao mbili.